Mkunjo wa Mama Lerina

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nakufupishia. Mimi ni Modupeh wa Murray Town, hapa Freetown. Duka langu la vitambaa liliungua. Mimba yangu ikatoka. Halafu tajiri wa mume wangu Ransford akatuletea jeneza lililopigiliwa misumari, na saa ya mkononi ya Ransford ndani ya mfuko wa karatasi.

"Msifungue," akasema dereva aliyelileta. "Lori lake liliungua njia ya Makeni. Hakuna cha kutazama."

Hatukufungua. Tukazika.

Na mimi sikulia.

Hapo ndipo tulipoachana, na najua wengine wenu mlinitukana. Tukaneni tu. Sikujikaza, jamani, nilikufa ganzi. Umewahi kuukalia mguu mpaka ukawa kama si wako? Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima, tangu siku ya misumari ile. Nikipewa chakula, nakula. Nikiambiwa kaa, nakaa. Wanawake wa kanisani walikuja wakaniinua kidevu, wakanichungulia machoni kama mtu anayechungulia sufuria imechemka au bado. Wakakuta pakavu. Wakaenda kusema.

Sasa sikilizeni ya arobaini.

Tulirudi kutoka ibada ya asubuhi tukaingia jikoni moja kwa moja: mimi, mama mkwe wangu Mama Lerina, na wifi yangu Eugenia. Nje uani, wanawake wa mtaa walikuwa wanapika maharage ya arobaini kwenye masufuria makubwa. Sisi kazi yetu ilikuwa pai za nyama za wageni. Pai za nyumba ile hazifungwi na mtu wa nje.

Mama Lerina aliketi na bakuli la nyama mapajani. Huyu mama hasagi nyama. Anaikatakata kwa kisu mpaka inakuwa chenga, halafu anaikaanga na vitunguu, pilipili, kungumanga na viazi vilivyokatwa vidogo vidogo. Alichovya kidole, akatikisa kichwa.

"Bado ina moto. Ukiifunga hivi itatoka jasho humo ndani, pai ipasuke. Tungoje."

Mimi nikangoja. Eugenia alishaanza, na uma wake mkononi.

"Mama," akasema, "leo nauliza tena. Mimi nimezaliwa humu. Nimenyonya ziwa lako. Kwa nini mimi napewa uma, huyu wa kuja anapewa mkunjo?"

"Wewe utaolewa, utaupeleka mkunjo wangu kwa watu."

"Mama, nywele zinaniota mvi. Nani ananioa?"

"Basi huo uma unakutosha."

Nieleze kidogo hapa, maana ndiyo hadithi yenyewe. Nyumba nyingine hapa mjini, pai ikishakunjwa ikawa nusu mwezi, ukingo wanaubana kwa uma, basi. Nyumba ya Mama Lerina ukingo unasukwa. Unaukunja kwa kidole gumba, mkunjo juu ya mkunjo, kama mtu anayesuka ukili wa mkeka. Yeye alifundishwa na mama mkwe wake, na yule na mama mkwe wake. Mabinti hawafundishwi. Wanafundishwa wake wa nyumba tu, tena mmoja mmoja, mlango umefungwa.

Mimi nilifundishwa wiki niliyoolewa. Niliharibu unga siku nzima. Ransford alikuwa barazani anacheka.

"Wewe unacheka nini?" nilimwuliza usiku ule. "Wewe mwenyewe hata maji hujui kuchemsha."

"Kweli," akasema. "Sijui."

Basi. Nyama ilipopoa tukafunga, nikapaka yai, nikasukuma sinia tanurini, mkaa chini na mkaa juu. Zilipokuwa tayari nikalitoa sinia.

Eugenia akapiga ukelele. "Mkono! Weee, mkono wako!"

Nikatazama. Nilikuwa nimelishika sinia bila kitambaa. Ngozi ya kiganja ilikuwa imekuwa nyekundu. Nikaliweka sinia mezani taratibu, zisianguke.

"Ah," nikasema.

"Mama, umeona? Huyu si mtu. Mtu akiungua anasema 'lo!'"

Mama Lerina alinipaka mafuta ya mawese kiganjani, akanifunga kitambaa, akanirudisha kwenye unga. Nilimpenda wakati ule. Au nilijua kwamba ningekuwa na moyo ningempenda, si mnaelewa.

Mlangoni akatokea Anko Claudius. Huyu ni mdogo wa marehemu baba mkwe, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Suti nyeusi, na jicho lake moja limeshaingia chumbani kwangu linapima kitanda cha mwanawe kitakaa wapi.

"Lerina, baada ya chakula tunakaa kikao," akasema. "Habari ya huyu."

"Huyu ana jina."

"Mjane asiye na mtoto, asiye na chozi. Tunamweka wa nini?"

"Nimempa mkunjo," Mama Lerina akasema, wala hakuinua macho. "Aliyepewa mkunjo ni mke wa nyumba hii mpaka afe. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Ilinikuta."

Anko akachukua pai yangu moja, akaila yote pale pale, akajifuta masharubu.

"Tutaona marehemu mwenyewe atasemaje," akasema.

Niwaambie kilichokuwa shingoni mwangu, tusipotezane. Kwetu hakuna kwetu tena. Mama yangu alishakufa, nyumba ilishauzwa, duka ni majivu. Nilichobaki nacho duniani ni kile chumba cha mbao nyuma ya jiko na yule mama mkwe. Nikitolewa pale, sina pa kuweka hata sanduku. Nilijua hivyo, lakini nilijua kama mtu anayejua bei ya samaki. Haikuniuma.

Saa ya kumlisha marehemu ikafika.

Shimo lilishachimbwa uani, dogo tu, karibu na ukuta. Tukalizunguka. Anko akamimina maharage yasiyo na chumvi yaliyojaa mawese, akamimina ndizi za kukaanga, akamimina maji, akamimina tone la ramu na mengine akajimiminia kooni.

"Ransford!" akaita. "Chakula chako hiki. Njoo ule na waliokutangulia. Na ule kwa mkono wa kulia kama tulivyokufundisha!"

Watu wakacheka kidogo, na leso mdomoni. Kila mtu mtaani alijua kisa hicho. Ransford alizaliwa mashoto, na utoto wake wote Mama Lerina alimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili asije akaulia chakula na kutuaibisha mbele ya watu.

Halafu tukarudi nyuma, tukawaachia ndege nafasi.

Tumbusi walikuwa juu ya paa la kanisa, kama kawaida yao, weusi, shingo ndani. Hawa kwetu si ndege tu. Wakishuka wakala, wazee wamepokea, na maiti amepumzika. Na siku zote wanashuka. Ukimimina tu, hao.

Hawakushuka.

Tukangoja. Mmoja akaja, akatua ukutani, akatembea hatua zake za kiwete, akachungulia shimo. Watu wakashusha pumzi. Akageuka, akaruka, akarudi paani kwa wenzake.

"Amesusa," mtu akanong'ona.

"Amesusa!" Anko akasema kwa sauti. Akanigeukia, na uani pote wakanigeukia. "Na mnajua kwa nini. Mwanamume anazikwa, mke wake jicho kama la samaki mkavu. Ungekuwa wewe ungekula? Lia, mwanamke."

"Anko..."

"Lia sasa hivi."

Nikajaribu, Mungu shahidi wangu. Nikamkumbuka Ransford anavyopiga chafya mara tatu kila akiamka. Nikakumbuka alivyonibeba siku ile mimba ilipotoka, anakimbia nami barabarani, viatu vimemtoka. Nikakumbuka sauti ya udongo juu ya mbao. Nikavikumbuka vyote, na vyote vikapita mbele yangu kama magari ya watu wengine.

Bibi mmoja akanifinya paja. Mwingine akasema, "Mpeni kitunguu!"

Msicheke. Nilipewa kitunguu. Nikakishika. Nimekata vitunguu maisha yangu yote, macho yangu yameshazoea.

"Sawa," Anko akasema. "Sikilizeni wote mlio hapa. Ndege wasiposhuka kabla wageni hawajaondoka, sanduku la huyu linatoka leo leo. Hakuna kikao. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeamua."

Mama Lerina akafungua mdomo. Akatazama paa la kanisa. Akaufunga. Mama wa watu, hata yeye alikuwa anaogopa wale ndege.

Nikarudi jikoni. Wageni lazima wale, hata kama unafukuzwa. Nikaanza kupanga pai kwenye sahani, Eugenia anamimina tangawizi kwenye glasi.

"Utaenda wapi?" akaniuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Sijui."

"Hivi huogopi?"

"Naona ningekuwa na moyo, ningeogopa," nikasema.

Eugenia akanitazama, akaguna, akanimiminia na mimi tangawizi kwenye kikombe.

Ndipo akaingia yule mgeni.

Alikuwa msichana, kajitanda ushungi wa kijani, kabeba sinia kichwani lililofungwa kwa blanketi. Alipita mlango wa nyuma kama mtu aliyeelekezwa. Akalitua mezani polepole, akapiga goti kidogo.

"Poleni na msiba. Naitwa Kadiatu. Nimeleta kidogo kwa ajili ya Mama."

"Karibu, mdogo wangu," Eugenia akasema. "Umetoka wapi?"

"Makeni."

Kwa neno hilo, Eugenia akaacha kumimina. Mimi nikaendelea kupanga.

"Marehemu ulimjuaje?"

Kadiatu akatazama chini. "Alikuwa nyumbani kwetu."

Lo, wifi yangu! Alilivua lile blanketi kama mtu anayemvua mwizi kofia. Chini yake kulikuwa na kitambaa cheupe. Akakivuta.

Pai za nyama. Kumi na kitu hivi, rangi nzuri ya yai. Na ukingo wake haukubanwa kwa uma.

Ulikuwa umesukwa. Ukili.

Eugenia alichukua moja akatoka nayo mpaka barazani, mbele ya wageni wote, akaiinua juu.

"Mama!" akaita. "Nauliza mbele za watu. Wake wako ni wangapi?"

Mama Lerina akaja anachechemea, Anko nyuma yake, na nyuma ya Anko kila mwenye masikio. Jiko likajaa.

Nami nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Makeni kulikuwa na mke. Mke mbichi, wa ushungi wa kijani. Na mkunjo hauokotwi njiani. Kama anao, basi amefundishwa, mlango umefungwa, na mama mkwe wangu, yule aliyenipaka mawese kiganjani asubuhi ile.

"Mama," nikasema. Sauti yangu ilitoka ya kawaida, kama ninayeomba chumvi. "Huyu ulimfundisha lini?"

"Nani?"

"Mke mwenzangu."

"Mimi?" Mama Lerina akasema. "Mimi huyu simjui! Simjui kwa jina wala kwa sura!"

"Lerina, usitufanye watoto," Anko akasema, na furaha ilikuwa inamtoka mpaka puani. "Mkunjo wako ndio huo. Aliyepewa mkunjo ni mke wa nyumba hii, si wewe uliyesema? Basi wake wako wawili. Huyu mkavu tunamtoa, huyu tunamkalisha. Huenda huyu atalia."

"Mimi si mke wa mtu," Kadiatu akasema. Hakuna aliyemsikiliza.

Mama Lerina alivaa miwani yake. Akamnyang'anya Eugenia ile pai, akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Niliona midomo yake inacheza.

"Modupeh, lete yako."

Nikampa pai yangu. Akaziweka mezani, moja kando ya nyingine.

"Tazama."

Nikatazama. Mikunjo yangu yote ililalia kulia, kama inavyolala ya Mama Lerina, kama alivyonifundisha. Mikunjo ya ile ya mgeni ilisukwa vizuri, sawasawa kama yetu, ila ililalia kushoto. Yote.

"Kuna tofauti gani?" Anko akasema. "Pai ni pai."

"Nyamaza, Claudius."

Sikuwa nimewahi kusikia mtu akimwambia Anko anyamaze. Nadhani hata yeye hakuwahi. Akanyamaza.

Mama Lerina akakata donge la unga, akalisukuma likawa duara, akatia kijiko cha nyama, akamsogezea Kadiatu.

"Kunja."

"Mama, mimi sijui."

"Kunja, nakwambia."

Kadiatu akakunja. Maskini, alibana kama mtoto anayebana mfuko wa karanga. Nyama ikatokea huku, ikatokea kule. Akaacha, akaficha mikono nyuma.

"Hajui," Eugenia akasema polepole. "Mama, huyu hajui. Hizi hakufunga yeye."

Mama Lerina akakaa juu ya kinu. Alikaa kama mzigo uliotuliwa. Na akasema jambo ambalo mimi, mke, sikuwa nalijua.

"Nilikuwa namfunga ule mkono," akasema. "Kitambaa hicho kilikuwa kinamkata ngozi. Analia, namfunga. Lakini jioni nikiwa nafunga pai anakuja hapa, anakaa pale pale Modupeh anapokaa, ananyoosha mkono. 'Mama, nifungulie kidogo.' Namfungulia. Ananikunjia pai. Mkono wa kushoto, upesi kuniliko mimi. Mlango umefungwa, baba yake asijue. Nikamwapisha asije akamwambia mtu, hata mke wake. Watu wasije wakasema nimelea mwanamume wa jikoni."



"Kwa hiyo alikuwa anajua," nikasema.

"Alikuwa anajua kukuliko wewe."

Miaka yote ile, msomaji wangu. Naunguza, naharibu, naamka mapema kukanda, na yeye yuko barazani na gazeti. "Hata maji sijui kuchemsha." Pale kifuani nikasikia kitu kidogo, chembamba, kama sindano unayoipata ndani ya nguo mpya. Wivu, nadhani. Au uchungu wa kuchekwa. Nilishangaa kusikia kitu.

Nikaenda kwenye sinia la mgeni. Nilitaka kuushika mkunjo wake tu, niupapase. Nikachukua pai moja ya chini kabisa kwa mkono wangu uliofungwa kitambaa, kitambaa kikateleza, pai ikakaa juu ya kidonda.

"Lo!" nikasema.

Eugenia akageuka. Akanitazama mdomo wazi. Nami nikamtazama yeye. Tulifikiria jambo moja.

Nilikuwa nimeungua na nimesikia. Na pai ilikuwa ya moto.

"Wewe," nikamwambia Kadiatu. "Makeni ni mbali. Pai haitoki Makeni mpaka hapa ikiwa ya moto, hata uivike mablanketi matatu. Hizi zimeokwa wapi?"

"Congo Town. Kwa dada yangu." Hapo ni jirani yetu, ukivuka daraja tu.

"Lini?"

"Sasa hivi, dada. Asubuhi hii."

"Na nani?"

Akawatazama wale watu wote. Akanisogelea, akashusha sauti, lakini jiko lile ni dogo.

"Ameniambia nisitaje jina. Amesema Mama ana moyo mbovu, akiambiwa ghafla utasimama. 'Mpelekee pai. Akizigeuza atajua mwenyewe.'"

Mama Lerina akatoa sauti. Haikuwa neno. Eugenia akamdaka asianguke kutoka kwenye kinu.

"Mwongo!" Anko akafoka. "Tumemzika! Mimi mwenyewe nimetupa udongo!"

"Sijui mlimzika nani, baba," Kadiatu akasema. "Walikuwa wawili kwenye lori. Huyu wenu, mama yangu alimkuta majanini, ameungua, hasemi. Tumemwuguza hatujui ni nani. Wiki hii ndiyo akasema Murray Town. Juzi tukamleta kwa dada yangu, apate nguvu kwanza. Leo akasikia kengele za kanisa, dada yangu akamwambia ni arobaini ya nani." Akaonyesha sinia. "Akaomba unga."

Nikaitazama ile pai mkononi.

"Anakunjaje, ikiwa ameungua?"

"Mkono wa kulia haufanyi kazi tena. Umebaki huu wa kushoto."

Nikauliza kitu cha kijinga. Nilitakiwa kuuliza yuko nyumba ipi, nilitakiwa kukimbia. Lakini mke ni mke.

"Na mimi? Mama amemletea pai. Mimi ameniagizia nini?"

Kadiatu akafikiri, kama mtoto aliyetumwa dukani anayekumbuka vitu vyote.

"Amesema, 'Mke wangu hana kawaida ya kulia. Waambie wasimlazimishe.'"

Basi.

Ndipo yakaja. Sikuyaita. Yalitoka machoni, yakatoka puani, nikashika ukingo wa meza ya unga nikalia kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, na kiganja kinaniuma, na kifua kinaniuma, na kila mahali palipokuwa pamekufa ganzi panarudi kwa sindano, kama mguu ule ukiunyoosha.

"Analia!" mtu akapiga kelele mlangoni. "Jamani, mjane analia!"

Habari ikatoka jikoni ikakimbia uani. Wale wa nje hawakuwa wamesikia hata neno moja la Kadiatu. Walichosikia ni kilio. Nikasikia vigelegele, nikasikia mtu anaanza wimbo wa kanisa.

"Twende," nikamwambia Kadiatu, nafuta uso kwa mikono yenye unga. "Twende sasa hivi. Yukoje? Umemwachaje?"

Kadiatu akaukaza ushungi wake.

"Alipomaliza kukunja ya mwisho akasema amechoka," akasema. "Homa ilimpanda tangu jana. Nilipotoka alikuwa amelala, anapumua kwa shida. Nikasema nikimbie, niwahi."

Nikamshika mkono tukatoka kwa mlango wa nyuma, Eugenia anamwinua Mama nyuma yetu.

Uani watu walikuwa wamesimama wametupa kisogo, mikono juu, wanaimba. Anko Claudius alishatoka jikoni, yuko kati yao, kimya, kofia kifuani. Wote walikuwa wanatazama shimo.

Paa la kanisa lilikuwa tupu.

Tumbusi walikuwa chini, wote, mabawa wazi, wanasukumana, wanakula maharage ya mume wangu.

Kadiatu akasimama. Yeye ni wa Makeni, hizi desturi zetu hazijui. Akanivuta kiganja kilekile kilichoungua.

"Dada," akaniuliza, "mbona wanashangilia? Kwenu ndege hawa wakishuka, maana yake nini?"